Mmeza-Ng'ombe na Majina Mengine ya Kwetu

Sisi tuliokulia milimani Makete enzi hizo, ramani yetu ilikuwa mdomoni mwa Bibi. Kule juu hakuna miti. Ni majani, baridi, na matope meusi yanayotikisika ukiyakanyaga. Majina ya Kikinga, lugha yetu, yalikuwa mafupi, nami kwa Kiswahili nayaita hivi: Mgongo wa Kondoo, Mawe Mapacha, Maji ya Kutu, na lile bonde la matope, Mmeza-Ng'ombe. "Majina haya si mapambo," Bibi alisema akitumenyea viazi vya moto. "Ni maonyo."

Siku moja nilikuwa nachunga na mdogo wangu Obedi, ukungu ukashuka ghafla. Kugeuka, Obedi hayupo. Nikamwita, akaitika kwa mbali, analia.

"Dada, sioni kitu!"

"Usikimbie! Chini pakoje?"

"Panabonyea. Kuna maji mekundu."

Hayo ni Maji ya Kutu, na mbele yake kidogo tu ni Mmeza-Ng'ombe.

"Geuka! Pandisha yanakotoka maji, mpaka ushike mwamba!"

Nilisali nimefumba macho, kana kwamba ule ukungu haukutosha. Kisha nikasikia, "Nimeshika! Mawe yapo mawili!"

Nikapanda kwa kupapasa hadi Mawe Mapacha, nikamkumbatia. Alikuwa na tope hadi magotini, kiatu kimoja hakipo. Nyumbani Bibi alitupa uji, akauliza kiatu kiko wapi. "Kimemezwa," Obedi akajibu, tukacheka hadi machozi.

Leo nanunua nguo za biashara hapa Guangzhou, China, nimepanga mtaa wa Sanyuanli na binti yangu. Yeye hata kwenda sokoni mtaa wa pili lazima simu imwongoze. Chaji ikiisha, naye kaisha. Nikimwambia aulize watu njia, ananitazama kama nimemwambia akawinde simba.

Juzi Obedi alinipigia kwa video akiwa kwenye lile bonde la matope. Wamechimba mitaro, pamekauka, viazi vimejaa hadi mlimani.

"Watoto siku hizi wanapaitaje?" nikamwuliza.

"Shamba Namba Nne, dada."

Nilimpongeza, maana viazi vilikuwa vizuri kweli. Lakini nilipokata simu nililirudia jina la zamani: Mmeza-Ng'ombe. Zamani mtoto akisema anapita pale, mama yake alitoka mbio jikoni. Siku hizi anaulizwa tu kama amebeba jembe.