Bahasha Zilizogoma Kurudi

Umeshawahi kumtumia mtu barua huku ukimwomba Mungu huyo mtu aikatae?

Mimi nimewahi. Mara tatu. Na niliyemwandikia ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Ngojeni kwanza kunitukana, nieleze.

Mimi ni bibi wa wajukuu saba, shule niliishia ya msingi, na ugonjwa wangu ni bahasha kuukuu. Si stempu, jamani. Mimi napenda mihuri: barua ilipita wapi, ilipotea siku ngapi, karani gani aligonga kwa hasira mpaka karatasi ikachanika.

Ninayo maboksi manne ya viatu, yamejaa bahasha. "Hajulikani hapa" ninazo kumi na moja. "Amehama", sita. Hata "Amefariki" ninayo, na marehemu mwenyewe nilimkuta sokoni anachagua vitunguu.

Mkwe wangu akaniuliza, "Mama, hivi vitu ukiuza unapata nini?"

"Napata raha bila kuuza. Toa mguu kwenye boksi langu."

Ila muhuri mmoja ulikuwa unanitesa: "Amekataa kupokea". Huo haupatikani hivi hivi. Lazima mtu aione barua, asome jina la aliyeituma, aseme sitaki.

Nikawaza, nani duniani ananichukia kiasi hicho?

Mdogo wangu! Miaka tisa hatusemeshani, tangu niseme mbele ya wageni wake kwamba wigi lake limekaa kama kuku anayeatamia.

Nikatuma barua ya rejista, ile ambayo mpokeaji lazima asaini. Nyuma ya bahasha, jina langu kwa herufi kubwa kama za bango. Ndani, karatasi tupu. Ya nini kuchosha mkono wakati haitafunguliwa?

Wiki mbili, kimya. Nikaenda posta. Karani wa dirishani akafungua daftari, akachomoa kadi ya mapokezi iliyorudi.

"Bibi, amepokea. Sahihi yake hii hapa."

"Amepokea? Mwanamke hana aibu huyu!"

Nikatuma ya pili. Akasaini.

Ya tatu. Akasaini.

"Bibi," karani akasema, "huyu mtu anakupenda."

"Nani kakuuliza?"

Nikapanda basi mpaka kwake, nikagonga mlango kama mgambo. Akafungua. Amenenepa, kichwa cheupe pe kwa mvi.

"Kwa nini hukatai barua zangu?" nikamfokea, hata salamu sijatoa.

Akanishika mkono wa kulia, akaugeuza, akanikunja vidole kimoja kimoja.

"Mbona mzima?"

"Ulitaka uweje?"

"Karatasi tupu tatu, dada! Nikajua umepooza. Unataka kuandika, mkono unagoma. Begi langu lile pale, kesho nilikuwa nakuja kwako."

Nikachungulia. Begi kweli, limefungwa, kanga imechomoza kwenye zipu.

Basi ikabidi nimweleze habari ya muhuri. Yote.

Akanirushia kandambili. Nikaikwepa. Akarusha ya pili, hiyo ikanipata sawasawa begani.

Wasomaji wangu, jifunzeni kwangu: ukitaka kukataliwa, mwandikie mtu baki. Ndugu watakuangusha.

Nikageuka niondoke na aibu zangu. Akanivuta gauni kwa nyuma, anacheka huku analia, kamasi zinamtoka kama mtoto.

"Unakwenda wapi? Ingia ndani! Miaka tisa nataka mtu wa kugombana naye. Mume wangu anakubali kila kitu!"