Dawa Iliyosagwa kwa Huruma

Jumamosi nilikuwa duka la dawa huko Goba, mzee mmoja akabamiza pakiti kaunta kama hakimu mwenye njaa. Mkewe alikuwa kwenye benchi, kajikunja, mkono tumboni.

"Binti, dawa zenu feki! Wiki mbili sasa, mama yenu halali kwa vidonda vya tumbo."

"Shikamoo baba. Anazimezaje?" mfamasia akauliza.

"Hamezi. Mie namfungulia kidonge, vile vipunje vya ndani navitwanga kwenye kinu cha vitunguu saumu mpaka viwe laini, nakoroga kwenye uji."

Mfamasia akafumba macho kidogo. Akaeleza taratibu kwamba kila kipunje ni kijikontena, dawa imefungiwa ndani ya ganda ili tindikali ya tumbo isiiharibu kabla haijafika kwenye utumbo. Siku hizi wanatengeneza hata vya udogo usioonekana kwa macho.

"Ukitwanga, baba, ganda limevunjika. Mama anakunywa uji tu."

"Tena hauna sukari," mkewe akasema kutoka benchi.

Jamani, tuwapigie makofi wanaume wetu! Wataalamu wamejifungia maabara wakibuni ukuta wa kuzuia tindikali, wakafaulu. Hakuna aliyekumbuka ukuta wa kuzuia mume mwenye huruma na mchi.

Mfamasia akatoa pakiti mpya. Mzee akanyoosha mkono, mkewe akamuwahi. Akaifunga kwenye pindo la khanga, mafundo mawili, akaifutika kifuani.

"Hii," akasema, "niifungue mie."