Kijia Alichokiziba Baba

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyomsikia baba yangu akilia. Nilikuwa binti wa kutumwa maji, hapa hapa Sola.

Ndama wetu walikuwa wamekufa mmoja baada ya mwingine. Baba akaingiwa na hofu, nasi watoto ikatuingia. Mchana kweupe tulikula tumefunga mlango. Jirani yetu, Bibi Minza, alikuwa na macho mekundu, na watu husema macho hayo ni ya mchawi. Sote tulijua anapikia kinyesi cha ng'ombe na moshi ndio unaomla macho, lakini mwaka ule tukajifanya hatujui. Akituamkia "Mwangaluka", mama alijibu akitazama chini. Mimi nilikimbia.

Baba akaamua kuziba kwa minyaa kijia cha kwenda kwake. Alikata matawi harakaharaka, huku akichungulia ng'ambo. Minyaa unaijua, utomvu wake mweupe hupofusha. Utomvu ukamrukia macho yote mawili.

Akaanguka akipiga kelele kwamba amerogwa. Tulimwosha kwa maji, wapi! Dawa ya wazee wetu ilikuwa maziwa ya mama anayenyonyesha, na mwenye kichanga karibu yetu alikuwa Kabula, mkamwana wa Bibi Minza. Mama akanituma. Kijia tulikuwa tumekiziba wenyewe, basi nikazungukia shamba la pamba, nikiamini sitarudi.

Bibi Minza hakuuliza kitu. Alimshika Kabula mkono, tukaja mbio. Baba alipoisikia sauti yake akajikunyata ukutani, akasema asiguswe.

"Ng'wanawane, mwanangu," bibi akamwambia taratibu, "mimi ndiye ninayekuogopa. Mbwa akibweka tu, najua unakuja na panga."

Baba akauachia ukuta, akainua uso. Kabula akamkamulia maziwa machoni, na hapo ndipo alipolia. Jicho moja lilipona. La pili halikuona tena.

Sasa wewe, tangu jana unanionyesha maneno ya kwenye simu kuhusu majirani, na mabati ya kuziba njia umeshanunua. Sikukatazi kuogopa, hata mimi naogopa. Ila kabla hujapiga msumari wa kwanza, nenda ukamwamkie jirani yako, umtazame usoni. Huenda naye anafunga mlango kwa kukuogopa wewe.

Mungu akulindie macho yako yote mawili, mwanangu. Na njia ya kwenda kwa jirani yako isiote majani.