Dagaa wa Mama na Filimbi ya Hamisi

Juzi nilimkuta binti yangu akikariri somo la uongozi: kuna kiongozi wa mabavu, kuna anayeshauriana na wenzake, kuna anayeacha mambo yajiendee. Mimi niliyeishia darasa la nne niliwaona wote alasiri moja.

Tulikuwa tunafyeka nyasi za shule, Ujiji. Upepo wa ziwani ukaleta harufu ya mvua, na mama alikuwa ameanika dagaa mchangani, dagaa wa kuuza aninunulie sare na madaftari. Kwetu mvua ikinukia, aliye karibu anakimbia kuanua, wawe wake au wa jirani. Nikatupa fyekeo.

"Wee, rudi!" Kiranja wetu, Hamisi, filimbi shingoni, akanidaka kola. "Nani kakuruhusu?"

"Dagaa wa mama wataloa, kaka."

"Dagaa ndiyo mwalimu wako?"

Mwalimu Rajabu alikuwa kivulini na kahawa yake. "Malizaneni wenyewe huko," akasema, hata hakugeuka.

Zaituni, niliyekaa naye dawati moja, akauliza, "Jamani, tukikimbia wote atamshika nani?"

Tukakimbia wote. Tulimkuta mama amechuchumaa kwenye mvua, anazoa dagaa pamoja na mchanga. Wenzangu wakachuchumaa naye bila kuambiwa.

Dagaa walioza, na shule yangu ikaishia hapo. Hamisi na Rajabu sijawasamehe mpaka leo. Lakini wakati ule nilidhani kiongozi ni Hamisi, maana filimbi alikuwa nayo yeye. Zaituni tulimwita mtundu.