Magome kwa Mponda Chokaa

Wadachi walipojenga boma lao Arusha, mume wangu alikamatwa kwenda kuponda chokaa. Hakukuwa na malipo, na aliyechelewa alichapwa viboko. Jioni alirudi mweupe kama aliyefukuliwa kaburini, akikohoa mpaka anashika nguzo ya nyumba.

Nilichemsha magome ya olkiloriti, ule mti wa miiba tunaoutia kwenye supu, nikamnywesha kila asubuhi. Kikohozi kikatulia. Mjinga mimi, nikajisifu mtoni mbele ya wanawake ambao waume zao walikuwa wakikohoa usiku kucha.

Maneno yakamfikia nyapara, akajua mume wangu ana dawa. Waliokohoa sana alikuwa akiwatoa kwenye chokaa, na kuwapa kazi ya kubeba maji. Mume wangu hakukohoa, kwa hiyo hakutolewa. Wenzake walibadilishwa mara tatu, yeye akabaki kwenye vumbi lile lile. Akaniomba niache kumpa dawa. Nikamwita mwoga. Nikamwambia sikuolewa na mbeba maji.

Magome yalizuia kikohozi tu. Vumbi liliendelea kuingia. Alianza kutapika damu boma likiwa karibu kwisha, na hakuyaona mahindi ya mwaka ule yakikomaa.

Nyapara alikuja msibani. Hakutoa pole. Aliuliza ni nani mwingine hapa nyumbani anayekunywa yale magome. Shemeji yangu alikuwa amekaa karibu nami, na kibuyu cha magome nilichomjazia asubuhi kilikuwa bado mkononi mwake.