Pongo Katika Mpunga wa Mwisho

Mwanangu, wewe bado unanyonya, nami sijafikia umri wa kumpa mtu nasaha. Lakini ile siku ya mavuno kule Bujonde hainitoki, na naogopa nikingoja nizeeke nitaisimulia vibaya.

Tulikuwa tukivuna kutoka kingoni kuelekea katikati, kama tunavyovuna siku zote. Ulipobaki mpunga wa ukubwa wa uwanja wa nyumba, kitu kikabweka humo ndani. Kilibweka kama mbwa, na mbwa hatukuwa naye.

"Tohe huyo!" mjomba akasema. "Zungukeni. Leo wali una nyama."

"Nyama yako inabweka, kaka," mama akamtania. Watu wakacheka huku wakizunguka, mundu mkononi.

Mimi niliwekwa upande wa mto, kando ya bibi. Wanyama nilijifunza mwenyewe, kwa kuwatazama tu, na sikufungua mdomo kabla ya kuwa na hakika. Tohe hupiga mluzi. Rangi yake imepauka kama majani makavu, pembe zimepindia mbele, na akishtuka hukimbilia nyasi za wazi. Mpunga ulipotikisika niliona mgongo wa kahawia nzito, madoa meupe pajani, na pembe zilizosokotwa zikasimama wima. Pongo dume. Huyo ndiye hubweka, hukaa peke yake kwenye vichaka vya mtoni, na ukimzibia njia anakuja na pembe mbele.

Hakika nilikuwa nayo, mwanangu, na bado sauti haikutoka. Mjomba alikuwa ameshaingia, ameinama, anapapasa mpunga karibu kabisa na zile pembe.

"Mpeni njia!" bibi akapiga kelele. Akanivuta kwa kanga hadi nikaanguka. "We mtoto, umesimama kwenye njia yake!"

Pongo akapita pale pale nilipokuwa. Nilisikia harufu yake. Kisha vichaka vikammeza.

Mjomba alitoka akijishika tumbo, kama anayehakikisha lipo. "Ndaga, mama," akashukuru.

Bibi akanigeukia mimi. "Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Basi siku nyingine ogopa kwa sauti."

Mwanangu, ukikuta kiumbe amebanwa, awe mnyama awe mtu, tazama kwanza kama si wewe uliyeziba njia yake. Na hofu ikikushika, sema, hata kama maneno hayajakaa sawa. Mimi hadi leo najifunza. Mungu akupe sauti mapema kuliko alivyonipa mimi, na siku utakayozingirwa, akuachie upande mmoja wazi.