Ulanzi wa Kuagana

Apeni kwamba hamtasema. Mimi sikuapa.

Kijana mmoja wa Kihesa, akingoja lori la kumpeleka migodini Afrika Kusini, alimletea nyapara wake wa zamani kibuyu cha ulanzi. Nyapara huyo ndiye aliyemnyima ruhusa ya kwenda kumzika mama yake.

"Tuagane vizuri, mzee."

"Asante, mwanangu. Onja kwanza."

Kwetu mleta pombe ndiye huanza kuonja, hata mtoto anajua. Chuki ilimsahaulisha kijana. Akainua kibuyu, akakishusha. Sote tuliokuwa pale tukamkodolea macho.

"Umetia nini, baba?" nikamchokoza kijana.

"Dawa ya kuharisha tu, bibi."

Nyapara akamkamata mkono, kibuyu kingali kiganjani. Mama alizikwa bila yeye. Na lori nalo likaondoka bila yeye.